Mjerumani kwa Bei ya IST

Mtoto wa dada yangu amepata ajira ya kudumu mwaka huu, na kwa kijana wa Dar es Salaam ajira ya kudumu ina dalili inayotangulia hata kiwanja: anaanza kutuma picha za magari. Mwanzo zilikuwa IST na Passo, rangi ya fedha, namba D. Kisha ikaja picha ya aina nyingine: gari la chini la Kijerumani, jeusi, silinda sita, viti vya ngozi, kioo cha paani kinachofunguka. Bei yake ilikuwa pungufu kuliko ya IST aliyonitumia siku mbili kabla. “Shikamoo mjomba,” aliandika. “Hapa kuna kitu sijakielewa, au mimi ndiye nimeelewa na wenzangu bado?”

Kwenye kundi la familia majibu yalitangulia langu. Shemeji mmoja aliandika kwa herufi kubwa: USIGUSE. Dada yangu, mama wa kijana, aliuliza tu kama ada ya mdogo wake imeshalipwa. Mimi nilinyamaza, wakadhani nimekasirika. Nilikuwa nalifikiria swali lake, kwa sababu ni swali la haki na lilinigusa mahali ninapopajua. Nimewahi kuwa karani wa gereji moja Ilala, wakati namba za magari zikiwa bado kwenye herufi B, na baadaye nikaendesha Mjerumani wangu mwenyewe kwa miaka kadhaa. Kampuni iliyolitengeneza sitaitaja, maana habari hii haiwahusu wao. Wao walitengeneza gari zuri, wakamuuzia mtu mwingine, kwa bei nyingine, katika nchi nyingine.

Gereji yenyewe ilikuwa kiwanja cha mchanga kilichozungushiwa mabati, na ofisi yangu ilikuwa meza chini ya turubai. Kazi yangu ilikuwa daftari: namba ya gari, tatizo alilolisema mwenye gari, tatizo alilolikuta fundi, spea, malipo, deni. Haikuchukua muda kugundua kwamba Corolla hujaza mstari mmoja. Imeingia asubuhi, bushi, imetoka jioni. Mjerumani alijaza ukurasa, wala si kwa kuwa aliharibika mara nyingi zaidi. Yalikuwa magari imara mno. Milango yao ilifunga kwa mlio mzito ambao mafundi wenyewe walipenda kuurudia bila sababu. Kilichojaza ukurasa ni kutafuta. Kutafuta tatizo liko wapi. Kutafuta nani analijua. Kutafuta spea Gerezani, ikikosekana kwenda Shauri Moyo kwa wauza spea za magari yaliyovunjwa, ikikosekana na huko kuagiza Dubai na kusubiri.

Toyota ikigonga chini, fundi anajua kwa sikio. Mjerumani akigonga, fundi anabadilisha kifaa anachokidhania, anasikiliza, anabadilisha cha pili. Vyote viwili vinaingia kwenye bili, kikiwemo kile kilichokuwa kizima. Fundi wetu mkuu alikuwa mtu mwaminifu, hakumwibia yeyote. Alikuwa anajifunza, na aliyelipia masomo ni mwenye gari.

Bei ndogo nayo inaeleweka ukiifuata tangu mwanzo wake. Gari kubwa la kifahari hununuliwa jipya na kampuni au mtu mwenye uwezo, iwe Uingereza au Japani, na mtu wa namna hiyo akichoka nalo anachukua jipya tena. Japani kuna ukaguzi wa lazima uitwao shaken: wa kwanza gari likiwa na miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kila ukaguzi una bili yake. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi ya mwaka huongezwa. Mwenye nalo hulipeleka mnadani kabla bili haijamfikia, na pale mnadani Wajapani wenzake hawaligombei, maana na wao wanaijua hesabu hiyo. Wanaoligombea ni wanunuzi wanaotazama kwetu. Kenya imeweka ukuta: gari lililozidi miaka minane haliingii. Tanzania haikuweka ukuta, imeweka kodi ya uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililozidi kumi, juu ya ushuru mwingine wote. Si ajabu gari likafika bandarini na kodi ikazidi bei lililonunuliwa.

Kwa hiyo lile la kwenye picha ya mpwa wangu halikushuka melini juzi. Limeshaishi hapa, limepita mikononi mwa watu.

Hao watu niliwaona mezani kwangu. Yapo magari niliyoyaandika chini ya wenyewe watatu mfululizo. Wa kwanza alikuja na oili yake mwenyewe, ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Wa pili aliuliza kama oili ya kawaida haitafaa. Wa tatu aliuliza kama ni lazima kubadilisha sasa hivi. Kati ya wa pili na wa tatu ndipo bei huporomoka, na macho hayaoni kitu: ngozi ni ileile, mlango unafunga vilevile.

Asubuhi moja alifika mtu nadhifu, shati limenyooshwa, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Fundi umeme akampa gharama ya kurekebisha. Yule bwana akauliza gharama ya kuizima taa. Fundi akadhani hakusikia vizuri. “Taa tu,” akarudia, “gari naliuza Jumamosi.” Wetu alikataa, na hili nalisema kwa fahari kidogo, lakini gereji ya jirani hawakukataa. Mwisho wa wiki nilimwona dalali akilizungusha lile gari na wateja. Aliwaambia, “Hii haina mambo mengi, unawasha unaondoka.” Hakusema uongo. Liliwaka, likaondoka.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa mzee mstaafu aliyekuwa dereva wa serikali maisha yake yote ya kazi, akiwaendesha wakubwa kwenye magari yenye namba za STK. Mafao yalipotoka, watoto walitegemea vyumba vya kupangisha. Yeye akanunua gari la chini la aina ileile aliyomwendeshea bosi wake wa mwisho, ila lililozeeka. Pale gereji tulikaa kumsubiri afilisike. Kazi ile inampa mtu tabia mbaya ya kubashiri. Bili ya kwanza aliisoma mara mbili, akavua miwani. “Kumbe,” alisema, “lile gari halikuwa haliharibiki. Lilikuwa linalipiwa.” Tulicheka, yeye akatushinda kwa kucheka.

Hakufilisika. Kila mwezi alitenga kiasi kilekile kwenye bahasha iliyoandikwa namba ya gari, liwe zima au bovu. Alikataa kabisa kutiwa maji ya bomba kwenye rejeta, jambo ambalo Dar es Salaam ni la kawaida hata kwa watu wenye akili zao, na ambalo huozesha mfumo wa kupozea taratibu kutoka ndani. Kwenye dashibodi alikuwa na daftari lake dogo: tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, jina la fundi aliyekibadilisha. Akikagua kazi, kidole kikiwa kwenye nati, alipenda kutuambia, “Ukiona vyaelea, vimeundwa.” Wakati huohuo wafanyabiashara wawili wenye magari kama lake, na fedha ambazo yeye hakuwahi kuziota, waliyatelekeza ya kwao uani kwetu hadi nyasi zikaota kati ya matairi. Hawakuwa wazembe kumshinda mtu mwingine yeyote. Ni kwamba wengi wetu tumeyaona magari ya kifahari yakipita. Yeye alikuwa ameyaona yakitunzwa.

Moja kati ya hayo mawili lilikuwa na shokapu za upepo, na hizo zinastahili maelezo, kwa sababu ndizo zinazowanasa watu wengi. Badala ya springi za chuma, gari hukaa juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa hewa na kompresa, na sensa hupima kimo kila wakati. Likiwa zima, huhisi barabara hata kidogo. Lakini mpira hauangalii kilometa, unaangalia miaka na joto. Ukipata ufa mdogo, hewa inavuja usiku, na asubuhi unakuta gari limelalia tumbo upande mmoja. Unawasha, kompresa inalinyanyua, unasahau. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa maana kompresa iliyotengenezwa kufanya kazi mara mojamoja sasa inafanya kazi mfululizo, hadi inaungua. Tatizo la mfuko mmoja limekuwa la mfuko na kompresa, na wakati mwingine fyuzi na relei yake. Mwenye lile gari aliletewa mchanganuo wa bei nikiwepo. Aliuliza thamani ya gari lenyewe sokoni, akatajiwa, akakaa kimya, akaomba aitiwe bodaboda. Hatukumwona tena. Mafundi wengi siku hizi hung'oa mfumo wote na kuweka springi za kawaida. Ni dawa ya kweli, ingawa baada ya hapo unaendesha gari la kifahari lililoondolewa kile ulichokifuata.

Yapo mengine yasiyotibika kwa ujasiri wa fundi. Mercedes-Benz E-Class iliyoingia sokoni mwaka 2002 ilikuja na breki za umeme na haidroliki zinazoitwa SBC. Ukifungua mlango tu, pampu inaamka na kujaza presha. Ndani yake kuna kihesabio cha mara ambazo breki imekanyagwa; kikifika kikomo, dashibodi inakutaka uende gereji, hata kama breki bado zinashika. Kabla ya kubadilisha pedi, mfumo lazima uzimwe kwa mashine yake maalumu, la sivyo pampu inaweza kusukuma pistoni fundi akiwa na vidole pale. Kampuni yenyewe iliyaita magari hayo kwa marekebisho mwaka 2004 na tena 2005, na mwaka 2006 ikaachana na mfumo huo kwenye E-Class. Fundi hodari wa Corolla, mwenye spana nzuri na mikono safi, hana namna ya kuyajua haya kwa kutazama. Nawaza mara nyingi ni magari mangapi ya aina hiyo yamebadilishwa pedi chini ya miembe yetu kwa kudra tu.

Pamoja na kuyajua yote hayo, nilinunua la kwangu. Mama yangu alikuwa na maumivu ya mgongo, na safari ya Moshi kwenye gari dogo ilimchukua siku mbili kupona. Nilianza kwa fundi. Nilimfuata mmoja aliyekuwa ameacha kila kitu kingine akabaki na Wajerumani peke yao, nikamuuliza ni injini ipi anaipenda na ipi asingependa kuiona tena. Alinitajia moja, kwenye gari lenye springi za chuma na giaboksi aliyoifungua mara nyingi. Kisha nikasubiri hadi likapatikana kwa mtu aliyekuwa analitengenezea kwake, gari ambalo fundi huyo alijua kila nati yake. Halikuwa la bei nafuu kuliko yote. Ya bei nafuu yapo, na alinionyesha, yakiwa yamepangwa ukutani kwake yakisubiri wenyewe.

Starehe ya gari lile sitaikana ili nionekane mwenye busara. Tuliondoka Dar alfajiri, tukapita Chalinze, Segera, Korogwe, tukala Mombo, na mama alishuka Moshi kwa miguu yake, akaenda jikoni moja kwa moja kukagua walichopika. Ndani kulikuwa kimya hata ukasikia mtu wa nyuma akikunja gazeti. Wanaodhani watu hununua magari haya kwa majivuno pekee hawajawahi kusafiri nayo na mgonjwa.

Ukimya huo una gharama yake vilevile. Kwenye gari dogo, mia ni mwendo unaousikia masikioni. Kwenye lile, mia na ishirini ilikuwa mazungumzo ya kawaida, na vijiji vya njia ile vina vibao vya hamsini na askari wenye tochi. Faini, wakati ule shilingi 30,000, ukiilipa Same na tena Mwanga, unaanza kutamani kelele za Passo.

Gharama ambayo hakuna fundi wala dalali aliyenitajia ilikuwa michango. Kabla ya lile gari, kadi za harusi zilinijia na kiasi cha mtu wa kawaida. Baada ya kuonekana nalo kanisani mara kadhaa, nikaingizwa kwenye kamati. Mwenyekiti wa kamati moja aliniambia, kwa heshima zote, kwamba wameniweka kwenye kundi la watu wenye nafasi. Nilimwambia bei niliyolinunulia. Akatabasamu, akaandika kiasi kilekile. Hata mlinzi wa maegesho, aliyekuwa akinipokea mia mbili bila neno, alianza kuitazama ile sarafu kiganjani kama anayesoma. Anayenunua gari la watu matajiri kwa bei ya maskini asitegemee kwamba ile bei itaandikwa kwenye kioo.

Masika ndiyo yalinitisha kweli. Wajerumani wengi wameficha kontrolboksi zao chini, chini ya zulia la abiria au kwenye shimo la tairi la akiba. Huko kwao ni mahali pakavu. Kwetu, maji yakikatiza Jangwani au yakijaa barabara ya mtaani kwako, gari la chini linayanywa mapema. Wala si lazima yatoke barabarani: majani ya mwarobaini yakiziba matundu ya kupitishia maji chini ya kioo cha mbele, mvua inajaa pale na kupenya ndani kimyakimya. Fundi wangu alinikataza kuegesha chini ya mti wowote, amri iliyonifanya niwe mtu pekee mtaani anayeacha gari juani kwa hiari.

Watu huniuliza kwa nini sikuchukua Crown, nikapata ufahari na amani pamoja. Ni swali la maana. Toyota imekuwa ikiitengeneza Crown tangu 1955, na hapa imeshazoeleka kiasi kwamba fundi wa kona anaweza kuigusa bila kutetemeka. Lakini hata hiyo, pamoja na ndugu yake Mark X, yenye injini ya lita 2.5 ya 4GR, hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na zikichoka hula oili na kujaza masizi kwenye vali. Mjapani ana siri zake, ila wanaozijua wako wengi, na hiyo ndiyo tofauti ninayolipia mimi ninapolipia gari.

Mpwa wangu sikumkataza. Nilimpeleka kulitazama lile jeusi, pamoja na fundi na mashine yake ya kupimia. Dalali alitupokea vizuri hadi alipoiona mashine. “Bosi, hii haihitaji kupimwa,” alisema, “injini haijawahi kuguswa.” Fundi akachomeka. Hakuna kosa hata moja. Kijana alianza kutabasamu. Fundi akaendelea kubonyeza, kisha akatuonyesha kwamba kompyuta ya injini haijamaliza kujikagua, karibu kila kipengele kimeandikwa bado. Inakuwa hivyo kumbukumbu ikifutwa au betri ikitolewa, na gari huhitaji kutembea vya kutosha ndipo limalize. “Lini mlichomoa betri?” aliuliza kwa upole. Dalali akasema labda mwenye gari, labda usiku. Akashusha bei papo hapo, bila kuombwa, na kijana akaelewa kuliko ambavyo ningeweza kumweleza. Bado anatafuta. Ila namba ya yule fundi ameshaihifadhi kwenye simu, na wanapigiana bila kupitia kwangu.

La kwangu nililiuza mama alipofariki, kwa kuwa safari za Moshi zilipungua na gari la namna ile likisimama muda mrefu huanza kujitafutia maradhi. Walikuja wengi kulitazama. Walifungua milango na kuifunga ili wasikie ule mlio, wakapiga picha, wakaniuliza kama bei inaongeleka, wakaenda kushauriana na watu waliowaambia wasiguse. Mwisho alilichukua fundi wangu mwenyewe, kwa bei ambayo dalali yeyote angeniona sina akili. Kwake ufundi ni bure na spea anazinunua kwa mafundi wenzake. Jumamosi hulifunga maua na kulikodisha harusini, na amenidokeza kwamba limesharudisha fedha yake. Siku nyingine zote huja gereji kwa bodaboda.